Kuhesabu Makosa na Kupima Uzuri

Mbio za miguu hazimpi mwamuzi taabu kubwa. Anayefika kwanza ndiye mshindi, na saa haina ndugu wala rafiki. Mpira wa miguu nao una bao, na bao huonekana na watu wote uwanjani. Lakini je, msomaji, tutasema nini juu ya mashindano ya kwaya, ya ngoma, ya maigizo na ya gwaride? Hapa hapana saa wala bao. Kuna watu waliojiandaa kwa miezi mingi, kuna dakika chache za kuonyesha walichojiandalia, na kuna mtu mmoja au wachache waliokaa na kalamu mkononi, ambao neno lao litawafanya wengine warudi nyumbani wakiimba na wengine wakiwa wameinamisha vichwa. Walioshindwa huuliza swali ambalo ni la zamani kama mashindano yenyewe: "Hao wamejuaje ya kuwa wenzetu ni bora kuliko sisi?"

Swali hilo si la utoto, wala si la wivu peke yake. Ni swali la haki. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi watu wa nchi moja walivyoshindana nalo kwa muda wa karne moja karibu, wakaandika kanuni, wakazitumia, wakaziona pungufu, wakazifuta na kuandika nyingine. Nchi hiyo ni Marekani, na mashindano yenyewe ni ya vikosi vya ngoma na buruji, yaani makundi makubwa ya vijana wanaopiga ngoma na tarumbeta huku wakitembea kwa gwaride uwanjani na kurusha bendera angani. Nimeyachagua kwa sababu katika historia yake swali letu laonekana wazi: je, hukumu ya haki ni ile inayohesabu makosa, au ni ile inayopima uzuri?

Kabla ya kuvuka bahari, yafaa tukumbuke ya kwetu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilizuka pwani ya Afrika ya Mashariki ngoma iliyoitwa beni, na jina hilo lilitokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji wa beni waliiga bendi za kijeshi: walivaa sare, walipeana vyeo vya maofisa, walipiga ngoma na tarumbeta, na walitembea kwa mistari iliyonyoka. Vyama vyao vilienea katika miji ya pwani kama Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na baadaye vikaingia bara. Vyama viwili vilivyojulikana mno ni Marini na Arinoti, na ushindani wao ulikuwa mkali. Walishindana kwa gwaride, kwa mavazi, kwa nyimbo za kejeli na kwa karamu.

Nani aliyekuwa mwamuzi wa beni? Aghalabu mwamuzi alikuwa umati wenyewe. Chama kilichovutia watu wengi na kusifiwa mitaani ndicho kilichoshinda. Hukumu ya namna hiyo ina uhai mwingi, kwa kuwa watu husema kile wanachokipenda bila kuficha. Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza imo katika methali yetu isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa: mtaa humsifu mtoto wa mtaa. Ya pili ni kwamba umati huvutwa na fahari, na fahari hununuliwa kwa fedha. Kwa hiyo vyama viliweza kushindana kwa kutumia mali badala ya kushindana kwa ustadi. Mtu anayetaka kupima ustadi peke yake hana budi kutafuta mizani nyingine. Wamarekani waliitafuta mizani hiyo mahali pale pale beni ilipopata umbo lake, yaani jeshini.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, askari wengi wa Marekani walirudi makwao. Mwaka 1919 walianzisha chama cha askari wastaafu kiitwacho American Legion; na chama kingine cha namna hiyo, Veterans of Foreign Wars, kilikuwapo tangu 1899. Matawi ya vyama hivyo yaliunda vikosi vya ngoma na buruji, kwanza vya askari wenyewe, kisha vya watoto wao na vijana wa mitaa yao. Buruji ni tarumbeta ya jeshini ambayo mwanzoni haikuwa na vali za kubonyeza kwa vidole, na kwa sababu hiyo ilitoa sauti chache tu, zile zinazotosha kumwamsha askari alfajiri au kumwita chakulani. Kwa ngoma na sauti hizo chache vijana walicheza nyimbo za kijeshi na kutembea kwa hatua sawa, na matawi yakaanza kushindana.

Waliotunga kanuni za mashindano walikuwa askari, na askari hukagua. Jeshini ofisa hapiti mbele ya mstari akitafuta uzuri. Hupita akitafuta kifungo kilicholegea, kiatu kisichong'aa, na bega lililoinama. Basi mashindano nayo yalikuwa na ukaguzi wa mavazi. Kikosi kilitakiwa kianze kwenye mstari wa kuanzia na kimalize kwenye mstari wa kumalizia, kitumie muda uliowekwa, na kiiheshimu bendera ya taifa kwa taratibu zilizoamriwa. Aliyevunja kanuni alipunguziwa alama.

Kutoka katika roho hiyo ya ukaguzi ndipo ilipotoka mizani ya kwanza. Waamuzi waliingia uwanjani wakiwa na ubao na karatasi, wakatembea katikati ya wachezaji. Mmoja alisikiliza ngoma: alipousikia mkono mmoja ukipiga mapema au ukichelewa, aliweka kistari kwenye karatasi. Mwingine alisikiliza buruji: sauti iliyopasuka, kistari. Mwingine alitazama miguu na mistari: kijana aliyetoka nje ya safu, kistari. Kila kistari kilikuwa na thamani ya sehemu moja ya kumi ya alama. Kikosi kilianza na hazina yake yote, kisha kikapunguziwa kidogo kidogo kwa kila kosa lililoonekana, na kilichobaki ndicho kilichokuwa matokeo. Palikuwapo pia waamuzi waliokaa juu na kutoa alama kwa mvuto wa onyesho zima, lakini sehemu kubwa ya hukumu ilitegemea vistari vile.

Tusiidharau mizani hiyo. Ilikuwa na sifa ambayo kila hukumu ingependa kuwa nayo: ilieleweka na watu wote. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuifahamu. Makosa 10 ni alama moja. Aliyekosea kidogo ndiye mshindi. Mwamuzi hakuulizwa anapenda nini, bali aliulizwa ameona nini. Tena iliwafundisha vijana bidii ya ajabu. Walirudia pigo moja la ngoma mara mia, na hatua moja mara mia nyingine, mpaka watu kadhaa wakawa kama mtu mmoja. Wako wazee nchini Marekani ambao mpaka leo huikumbuka mizani hiyo kwa mapenzi, nao wana haki yao.

Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita kasoro zake zilionekana, na kasoro hizo zinatufaa sisi sote, maana hazihusu ngoma peke yake.

Kasoro ya kwanza ni kwamba mwamuzi ana macho mawili na masikio mawili tu. Aliyesimama upande wa kushoto wa uwanja hakuona yaliyotendeka upande wa kulia. Kijana aliyekosea mbele yake aliandikiwa kosa, na kijana aliyekosea nyuma yake alisalimika. Kwa hiyo hesabu iliyoonekana kuwa kamili, yenye sehemu za kumi kama ya fedha benki, kwa hakika ilikuwa hesabu ya makosa yaliyobahatika kuonekana. Tarakimu ilificha bahati.

Kasoro ya pili ni kwamba kistari hakikujua tofauti baina ya jambo gumu na jambo jepesi. Fikiri, msomaji, juu ya wanafunzi wawili wanaoandika insha. Mmoja anaandika sentensi fupi za maneno anayoyajua tangu utotoni: "Nilikwenda sokoni. Nilinunua ndizi. Nilirudi nyumbani." Hana kosa hata moja. Mwenzake anajaribu kueleza mawazo mazito, anaunganisha sentensi ndefu, anatumia maneno mapya, na humo ndani anakosea mara tano. Mwalimu anayehesabu wino mwekundu peke yake atampa wa kwanza tuzo. Je, ni yupi kati yao anayejifunza kuandika? Sisi walimu twalijua jibu, na wewe walijua pia.

Kasoro ya tatu ilizaliwa na ya pili, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu huwa vile anavyopimwa. Maadamu kosa ndilo lililohesabiwa, mtungaji mwenye akili alitunga onyesho lisilo na hatari. Alitazama kila pigo na kila hatua akajiuliza, si "Je, hili ni zuri?" bali "Je, hili litatupunguzia alama?" Mizani iliyowekwa ili kulinda ubora ikaanza kulinda woga.

Mwaka 1971 viongozi wa vikosi kadhaa, wakiongozwa na Don Warren wa kikosi cha Cavaliers na Jim Jones wa kikosi cha Troopers, waliungana na kuunda chama chao wenyewe kiitwacho Drum Corps International. Hawakutaka tena kanuni zitungwe na vyama vya askari peke yake. Walitaka wanaowafundisha vijana wawe na sauti katika mashindano ya vijana hao. Shindano lao kuu la kwanza lilifanyika mwaka 1972 katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, na mshindi alikuwa kikosi cha Anaheim Kingsmen kutoka California. Lakini usidhani kwamba chama kipya kilileta mizani mpya siku ile ile. Vistari viliendelea kuandikwa kwa zaidi ya miaka 10.

Kilichobadilika kwanza ni sanaa yenyewe. Buruji ziliongezewa vali: mwaka 1977 ziliruhusiwa kuwa na vali mbili, na mwaka 1990 vali tatu, hata zikaweza kupiga sauti zote za muziki. Nyimbo za kijeshi ziliwapisha watungaji wakubwa wa muziki wa dunia. Na gwaride nalo likaacha mraba.

Hapa natutulie kidogo, maana hapa ndipo mizani ya zamani ilipopatwa na jambo isiloliweza. Kwa desturi, gwaride la vikosi hivi lilikuwa kama kioo. Mstari wa katikati uliugawa uwanja, na kila umbo la upande wa kushoto lilikuwa na pacha wake upande wa kulia. Katika mpango huo kosa halifichiki: mwamuzi hutazama kushoto, hutazama kulia, na palipo na tofauti pana mkosaji. Ndipo akatokea mtungaji wa gwaride aitwaye George Zingali, aliyefanya kazi na kikosi cha Garfield Cadets cha New Jersey, kilichoanzishwa mwaka 1934. Mwaka 1983 kikosi hicho kilileta uwanjani maumbo yasiyo na pacha. Mistari ilijikunja kama mto, ikakatika, ikaungana mahali pasipotazamiwa, ikageuka kabla jicho halijaizoea. Kila kijana alikuwa na njia yake, na umbo lilikuwa likizaliwa na kufa wakati wote.

Sasa jiweke mahali pa mwamuzi mwenye ubao. Utaandikaje kosa la umbo ambalo hujui linakwenda wapi? Kijana aliye peke yake pale nje ya mstari, je, amepotea, au ndiye wa kwanza kufika katika umbo linalofuata? Huwezi kujua mpaka umetazama onyesho zima kwa jicho la anayetaka kuelewa, wala si kwa jicho la anayetafuta mkosaji. Garfield Cadets walishinda mwaka 1983, na huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa vistari. Mwaka 1984 mizani mpya ilianza kutumika, na kikosi hicho kikashinda tena, na tena mwaka 1985, kikawa cha kwanza kushinda shindano hilo kuu mara tatu mfululizo. Sisemi kwamba mtu mmoja aliiangusha mizani ya zamani. Palikuwa na mabishano ya miaka mingi kabla yake. Nasema tu kwamba sanaa ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka wa kanuni, na kanuni ikalazimika kuifuata.

Mizani mpya ilifanya nini? Iligeuza swali. Badala ya kuanza juu na kushuka kwa kila kosa, kikosi huanza chini na kupanda kwa kila jambo kilichofaulu kulitenda. Tangu hapo kanuni zimeguswa mara nyingi, lakini mfumo ulioendelea kutumika katika karne hii ni huu: alama zote ni 100; 40 ni za mvuto wa jumla, 30 ni za mambo yanayoonekana kwa macho, na 30 ni za muziki. Kila sehemu ina waamuzi wake. Yupo anayetazama maungo ya kila mchezaji, yaani usimamaji, mguu na mkono. Yupo anayetazama mpango mzima wa gwaride kutoka juu. Yupo wa washika bendera. Na wapo wa tarumbeta na wa ngoma.

Tena hukumu ya kila mwamuzi imegawanywa mara mbili. Nusu moja hupima jambo lililotungwa: je, ni zito, ni pana, lina mawazo? Nusu ya pili hupima namna lilivyotendwa: je, wametenda kwa usafi na kwa uhai? Huu ndio uvumbuzi ulioponya ile kasoro ya insha mbili. Anayetunga jambo jepesi na kulitenda bila kosa atapata alama za utendaji, lakini hatapata nyingi za utungaji. Anayetunga jambo kubwa na kulishindwa naye hataponea kwa ukubwa wa ndoto yake. Kila mmoja hupimwa kwa ujasiri wake na kwa uwezo wake.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuupima ule mvuto wa jumla. Wengi wanapolisikia neno hilo hudhani kwamba mwamuzi husema tu, "Limenipendeza." La, sivyo. Mwamuzi hutakiwa autafute mvuto katika mambo matatu: je, onyesho limeiamsha akili, limeugusa moyo, na limelipendeza jicho kwa uzuri wake? Kisha hutakiwa aeleze ni nini kilicholeta mvuto huo.

Nitakupa mfano wa jambo analolitazama. Uwanja wanaoutumia ni ule wa mpira wa Kimarekani, wenye urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi. Umechorwa mistari kila baada ya yadi 5, na hatua ya kawaida ya wachezaji hawa ni hatua 8 katika yadi hizo 5, ndiyo kusema sentimita 57 kwa kila hatua. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde moja. Basi sauti ya ngoma iliyopigwa upande mmoja wa uwanja humfikia mtu wa upande wa pili ikiwa imechelewa zaidi ya robo ya sekunde. Kijana akifuata masikio yake atachelewa, na wimbo utararuka kama nguo kuukuu. Kwa hiyo hana budi kuutazama mkono wa kiongozi na kuupiga wimbo kama aonavyo, hata masikio yake yakimwambia vingine. Wakati huo huo anatembea, pengine kwa kinyumenyume, na mwenzake anakatiza mbele yake kwa nafasi ya kiganja.

Katikati ya taabu hiyo yote mtungaji anataka dakika moja itokee: tarumbeta zilizokuwa zikinong'ona zifikie kilele, na papo hapo umbo lililokuwa limejikunja lifunguke, na papo hapo bendera zote ziinuke. Macho na masikio yakipokea jambo moja kwa wakati mmoja, maelfu ya watu huinuka vitini bila kuambiwa. Bendera zikichelewa nusu sekunde, hakuna anayeinuka, ingawa hakuna anayeweza kueleza kwa nini. Kazi ya mwamuzi ni kuweza kueleza. Na kijana akiidondosha bendera? Zamani ilikuwa sehemu moja ya kumi, basi. Sasa mwamuzi hujiuliza maswali zaidi: ameiokota kwa utulivu na kuendelea, au amevunjika moyo na kuwavunja wenzake? Je, kosa limelijeruhi onyesho zima, au limepita kama tone la mvua?

Ili hukumu isiwe ya kupendapenda, waliweka vizuizi vitatu. Kwanza, karatasi ya mwamuzi ina madaraja yaliyoelezwa kwa maneno, tangu la kikosi kinachofanikiwa kwa nadra mpaka la kile kinachofanikiwa daima, na mwamuzi huchagua daraja kabla ya kuchagua tarakimu. Pili, mwamuzi husema kwa sauti mawazo yake wakati onyesho likiendelea, na maneno yake hunaswa katika chombo cha kurekodi, kisha walimu wa kikosi hupewa wayasikilize. Tatu, yamekuwapo mazungumzo baada ya mashindano, ambapo walimu humkabili mwamuzi na kumwuliza sababu. Mwamuzi wa vistari alikuwa na hesabu. Mwamuzi wa siku hizi ana wajibu wa kujibu.

Walioipinga mizani mpya walihofu kwamba usafi wa utendaji utakufa pindi kosa litakapoacha kuhesabiwa. Haukufa, wanaoyatazama maonyesho ya leo wataona vijana zaidi ya mia moja wakitenda mambo ambayo babu zao wa buruji wasingethubutu kuyajaribu, nao huyatenda kwa usahihi mkubwa. Lakini ningekudanganya kama ningesema kwamba mizani hii haina kasoro.

Mwaka 1993 kikosi cha Star of Indiana kilileta onyesho la muziki mzito wa Samuel Barber na Béla Bartók, lisilokuwa na nyimbo za kushangilia. Waamuzi waliliweka la pili, nyuma ya mshindi kwa sehemu moja tu ya kumi ya alama. Watazamaji wengi, kwa upande wao, hawakulipenda. Baada ya mwaka huo kikosi kiliacha mashindano, na kazi yake ya baadaye jukwaani ikazaa onyesho la Blast!, lililofunguliwa London mwaka 1999 na kupata tuzo ya Tony huko New York mwaka 2001. Nani aliyekuwa na haki, umati au waamuzi? Hapo ndipo panapoonekana gharama ya mizani mpya: mtu wa kawaida aliyekuwa akizielewa hesabu za vistari sasa hukaa kando, na wanaofahamu hukumu ni wataalamu. Panaweza kutokea siku ambapo watungaji watatunga kwa ajili ya waamuzi watano na kuwasahau watu elfu kumi. Umati wa beni usingelikubali hilo hata kidogo.

Kasoro nyingine imo katika tarakimu zenyewe. Mwaka 2008 kikosi cha Phantom Regiment kilishinda kwa onyesho la Spartacus, hadithi ya mtumwa aliyeasi dhidi ya Roma. Kilipata alama 98.125, na Blue Devils walipata 98.100. Tofauti ni sehemu 25 za elfu. Je, yupo mwanadamu anayeweza kuuona uzuri uliozidi kwa kiasi hicho? Hayupo. Mwaka 2014 Blue Devils walishinda kwa alama 99.65, ndiyo kusema kwamba ngazi ilikuwa karibu kwisha. Yatupasa tufahamu kwamba alama hizi si kilo wala mita. Ukipima gunia la mahindi Kisumu na kulipima tena Mombasa, uzito ni ule ule. Lakini alama ya mwamuzi husema tu, "Usiku huu, kati ya hawa, niliwaweka hawa mbele na hawa nyuma." Ni lugha ya kupanga, iliyovaa nguo za kupima. Anayejua hivyo hatajivuna mno kwa ushindi wa sehemu 25 za elfu, wala hatalia mno akiukosa.

Tujifunze nini, basi? Wewe hutahukumu vikosi vya ngoma, lakini utahukumu. Utakuwa kiranja, utakuwa msimamizi wa mdahalo, utakuwa mwalimu au hakimu au mzazi, na watu watasimama mbele yako na kazi yao. Njia nyepesi itakuwa kuhesabu makosa yao, kwa sababu kosa huonekana mara moja na kulihesabu hakutaki fikira. Yapo mambo ambayo hayana budi kuhesabiwa, na hayo uyahesabu kwa uaminifu: hesabu ya fedha ni sahihi au si sahihi, na dawa imepimwa sawa au haikupimwa sawa. Lakini kazi ya mwanadamu aliyethubutu haimaliziki katika hesabu ya makosa. Kabla hujaitazama, sema wazi unatafuta nini. Uitazamapo, tenga kile alichokusudia na namna alivyokitenda, na kila kimoja ukipe haki yake. Ukimaliza, mwambie mwenyewe sababu zako usoni pake, na uwe tayari kujibiwa.

Vijana wa vikosi vile hutumia majira mazima ya kiangazi wakisafiri kwa mabasi, wakilala katika kumbi za shule, wakifanya mazoezi juani kutwa, kwa ajili ya dakika 12 hivi za uwanjani. Mtu aliyetoa kiasi hicho anastahili zaidi ya kistari kwenye karatasi. Anastahili mtu aliyemtazama kweli, anayeweza kumwambia alichokiona.